Kabureta ama injeksheni: amua kwa barabara utakayopita

Wazee wetu mlioshika spana kabla sisi hatujazaliwa, mafundi wenzangu, madereva, dada zetu mlioko gereji na mlioko nyuma ya usukani, na vijana mliojaa huku mbele, habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie kitu ambacho kila nikipita gereji za hapa Nakuru nakuta watu wanabishania, yaani ukitaka injini ya nguvu, ya rali ama autocross ama ya gari lako tu la roho, uweke kabureta, ile inayovutwa petroli na hewa inayopita, ama uweke injeksheni, ile inayonyunyiza petroli kwa presha. Na najua wengi mmekuja mkiwa mshachagua upande. Sawa. Ila naomba mnisikilize mpaka mwisho manake mimi naona tumekuwa tukibishania kitu kisicho chenyewe, tunabishania ni ipi ina farasi wengi, wakati swali la kwanza kabisa ni hilo gari litaenda wapi.

Tuanze na injini yenyewe. Injini haijui nani ameiletea petroli, inachojua ni hewa kiasi gani imeingia na petroli kiasi gani imekuja nayo. Petroli yetu inaungua kikamilifu ukiipa hewa kama kilo 14.7 kwa kila kilo moja ya petroli, lakini ukitaka nguvu zote ukiwa umekanyaga mpaka chini unaishusha hiyo hewa mpaka 12.5 hivi ama 13, mafuta yazidi kidogo, hapo ndo injini inavuta vizuri na pia inapoa kidogo ndani. Ukipita hapo ukaongeza mafuta zaidi nguvu zinashuka na plagi zinakuwa nyeusi, ukipunguza mafuta ukiwa umekanyaga kabisa joto linapanda, injini inaanza kugonga, yaani petroli inalipuka ovyo ndani, na ikigonga kwa muda pistoni inatoboka. Kwa hivyo kazi ya kabureta na kazi ya injeksheni ni moja, kupata hiyo namba iwe sawa kwa kila mzunguko na kila kiasi cha kukanyaga.

Sasa kabureta inafanyaje. Hewa inapita kwenye koo jembamba, tunaita venturi, ikipita hapo inakimbia, presha inashuka, na hiyo presha iliyoshuka ndiyo inavuta petroli kutoka kwenye bakuli la floti, lile lenye boya, kupitia jeti, yaani kitundu kilichopimwa. Hakuna umeme, hakuna sensa. Ukiwa na kabureta mbili za Weber 40 DCOE, kila moja ina makoo mawili, kwenye injini ya 1600 ya silinda nne, kila silinda inapata koo lake peke yake, na mafundi wa zamani wana hesabu yao ya kuanzia: chukua kipenyo cha venturi zidisha mara nne unapata jeti kubwa, kwa mfano venturi ya 32 unaanza na jeti ya 130 hivi, ongeza 50 unapata jeti ya hewa, 180. Ni mwanzo tu, baada ya hapo unasikiliza na kupima. Na kitu vijana wengi hawajui ni kwamba gari likiwa mjini muda mwingi halitumii hata hiyo jeti kubwa, linakwenda kwa jeti ya sailensa, ile ya injini ikizunguka bila kukanyagwa, na vile vitundu vya mpito mpaka karibu mizunguko 3,000 kwa dakika, kwa hivyo gari likiwa linakata ukianza kukanyaga, usikimbilie kubadilisha jeti kubwa, hiyo unaisumbua bure.

Na msidharau kabureta. Huko Marekani kwenye mashindano makubwa ya NASCAR walitumia kabureta mpaka mwisho wa msimu wa 2011, injeksheni ikaingia 2012, na hizo V8 za kabureta moja tu zilikuwa zinatoa zaidi ya farasi 800. Waliweza kwa sababu kabureta ikiwa imepimwa vizuri, kwenye uwanja mmoja unaojulikana, injini ikizunguka karibu mzunguko uleule muda wote, inafanya kazi safi kabisa. Kuna faida nyingine pia, petroli ikiingia mbali na silinda inapata muda wa kugeuka mvuke njiani, na ikigeuka mvuke inaipoza hewa, na hewa baridi ni nzito, nzito maana yake oksijeni zaidi. Hiyo siyo hadithi ya wazee wanaopenda vitu vya kale, ni fizikia.

Ubishi huu wetu si mpya kwanza. Mwaka 1940, vita vya anga juu ya Uingereza, ndege za Waingereza Spitfire na Hurricane zilikuwa na injini ya Rolls-Royce Merlin yenye kabureta ya floti, na Messerschmitt 109 ya Wajerumani ilikuwa na injini ya Daimler-Benz yenye injeksheni. Rubani Mjerumani akisukuma pua ya ndege chini ghafla anakwenda zake, Mwingereza akimfuata hivyo hivyo petroli inaruka juu kwenye bakuli, injini inakatika, kisha inafurika na kutema moshi mweusi. Aliyepata dawa ya haraka ni mhandisi mwanamke, Beatrice Shilling, ambaye pia alikuwa anakimbiza pikipiki kwenye uwanja wa Brooklands. Alitengeneza kipande kidogo cha chuma chenye tundu lililopimwa, kikawekwa kwenye njia ya petroli ili isipite zaidi ya kile injini inahitaji kwa nguvu zake zote, na mwaka 1941 yeye na timu yake wakazunguka kambi za ndege kukifunga. Nawaambia hii hasa nyinyi wasichana mlioko hapa mnaojifunza umekanika. Sasa upande wa pili, wahandisi wa Rolls-Royce walikuwa wanajua kabisa injeksheni ipo na bado wakaitetea kabureta, kwa sababu ilipoza hewa kabla haijaingia kwenye supachaja, ile pampu inayosukuma hewa kwenye injini, na ikawapa nguvu zaidi kule juu. Wote walikuwa na hoja ya kweli, kila mmoja kwa kazi aliyokuwa anaitazama.

Haya sasa turudi kwetu, na hapa ndo nataka tukae, manake nchi yetu ina kitu ambacho vitabu vingi vya huko nje havikisemi sana. Urefu kutoka usawa wa bahari. Mombasa uko baharini, sifuri. Unaendesha kilomita kama 480 unafika Nairobi uko karibu mita 1,700. Hapa Nakuru uko juu zaidi ya mita 1,800. Ukiendelea kwenda Eldoret unapita Timboroa kule juu ya mita 2,700. Hewa inapungua uzito kadiri unavyopanda, Nairobi hewa ina uzito kama asilimia 85 ya ile ya Mombasa, Timboroa kama asilimia 77. Na kabureta haijui. Yenyewe inavuta petroli kwa ile presha ya koo tu, na kwa namna fizikia ya koo ilivyo, hewa ikipungua petroli haipungui kwa kiwango kilekile, inapungua kidogo tu, kwa hivyo mafuta yanazidi. Kwa hesabu, gari ulilolipima Mombasa likawa safi kabisa kwa 12.8, ukifika nalo Nairobi liko kama 11.8, na Timboroa linakaribia 11.2. Moshi mweusi, plagi zinalowa, linavuta kama limechoka.

Lakini hiyo bado ni shida ya heshima, linakula mafuta na linachelewa tu. Hatari ni kurudi chini. Fundi wa Nairobi amelipima gari vizuri, 12.8 akiwa amekanyaga mpaka chini, anafurahi, mwenye gari anashuka nalo Mombasa kwa mashindano ya pwani. Kule hewa ni nzito, injini inajaza zaidi, presha ndani ya silinda imepanda, na mafuta sasa yamepungua mpaka karibu 13.9, na taimingi ya distributa, yaani wakati plagi inapotoa cheche, ni ileile aliyoiweka Nairobi injini ikiwa inapumua hewa nyepesi. Hapo vitu vitatu vimekutana kwa wakati mmoja, hewa zaidi, mafuta pungufu, moto mapema, na joto la pwani juu yake. Nimeona pistoni zilizotoka kwenye safari kama hiyo na mwenye gari analaumu oili, analaumu petroli ya kituo fulani, kumbe hakuna aliyemwambia abadilishe jeti kabla hajashuka.

Na pia tuseme ukweli upande wa pili, injeksheni hairudishi ile hewa iliyopotea. Kuna watu wanauziwa hii mambo kama dawa ya mlima. Ukiwa na injini isiyo na turbo, ukiwa Nairobi umeshapoteza karibu asilimia 15 ya nguvu uwe na kabureta uwe na injeksheni ya kompyuta, kwa sababu oksijeni haipo. Injeksheni iliyopimwa vizuri inachokufanyia ni kuhakikisha ile asilimia 85 iliyobaki unaipata yote. Anayerudisha hewa ni turbo ama supachaja. Ndiyo maana mnakumbuka, ama mmesimuliwa, Toyota Celica Twin Cam Turbo ilivyoshinda Safari Rally mara tatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986, turbo na injeksheni ya umeme pamoja. Na ukitaka turbo kwa kweli sioni tena mjadala wa kabureta, ilishafanyika zamani kupuliza kabureta na turbo lakini leo huna sababu ya kujitesa.

Kabla ya hapo historia ya Safari yenyewe haikuegemea upande mmoja. Peugeot 404 ilishinda 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na hizo za miaka ya mwisho zilitumia injeksheni ya Kugelfischer, pampu ya chuma tupu, hakuna kompyuta hata moja, na mwaka 1968 ni magari saba tu yaliyomaliza kwa matope. Alafu zikaja Datsun 240Z za 1971 na 1973 na Lancer 1600 GSR ya Joginder Singh 1974 na 1976, hizo ni kabureta. Hawa watu walikuwa wanapanda na kushuka milima yetu yote kwa kabureta na wakashinda, ila walikuwa na mafundi wa timu wanaojua jeti gani inakaa wapi. Wewe mwenye gari moja na fundi mmoja wa Jumamosi huna hiyo.

Sasa injeksheni. Siku hizi kompyuta ndiyo inaamua injekta zinyunyize petroli kiasi gani, kulingana na hewa iliyoingia, lakini inajuaje. Kuna njia tatu kuu na ukichagua vibaya hapa hela yako imeenda. Moja inapima hewa yenyewe inapopita kwenye bomba. Ya pili inapima presha ndani ya manifoldi, yale mabomba ya kuingizia hewa kwenye silinda, na joto la hewa kisha inakokotoa. Ya tatu inaangalia tu umefungua vipepeo, vile vibamba vya kupitisha hewa ukikanyaga, kiasi gani na injini inazunguka kasi gani, basi. Hii ya tatu ndo inatumika sana kwenye injini zenye kipepeo kwa kila silinda, kwa sababu presha yake kule nyuma ya vipepeo inarukaruka haisomeki vizuri. Na hapa kuna mtego ambao naomba mafundi mnisikie: mtu anatoa Weber zake, anaweka vipepeo vinne na kompyuta, fundi anaitengeneza kwa vipepeo na mizunguko peke yake, na hakuna sensa ya presha ya anga. Hiyo gari sasa haijui kama iko Nakuru ama Kilifi, yaani umelipa hela yote ya injeksheni na shida ya kabureta ya mlima umebaki nayo, tena pengine mbaya zaidi. Dawa yake ni sensa moja ya presha ya hewa ya nje, ifungwe mahali pakavu, na kompyuta iambiwe irekebishe kwa hiyo. Ukikuta fundi anakuambia haina haja, tafuta mwingine.

Kama unataka kuona imefanywa vizuri kiwandani, angalia Toyota 4A-GE ya valvu 20. Ina vipepeo vinne tangu ilipozaliwa. Ile ya kwanza ya kifuniko cha rangi ya fedha, ya 1991, inapima hewa kwa mlango wake kwenye bomba, na ile ya kifuniko cheusi, ya 1995, ikahamia kwenye presha ya manifoldi, na kiwanda kiliandika farasi 165 kwa 1600 isiyo na turbo. Watu wanaichukua wanaiweka kwenye Corolla DX ya zamani, injini tamu sana, alafu cha kwanza wanachofanya ni kung'oa mfumo wake wote waweke kabureta ili isikike vizuri. Ile sauti hata mimi naipenda jamani, sauti ya makoo manne yakivuta hewa inapendeza kuliko muziki, lakini sauti inatoka kwenye vipepeo vinne na trampeti zake, ile midomo mipana ya kuvutia hewa, na hivyo unavyo tayari na injeksheni ipo. Hapo mimi nasema wazi sioni sababu.

Na kuna jambo moja naona linasahaulika kila siku kwenye huu ubishi, nalo ni moto wa plagi. Ukiweka kompyuta nzuri hubadilishi mafuta peke yake, unapata taimingi unayoipanga kwa kila mzunguko na kila kiasi cha mzigo, wakati distributa ina vyuma viwili na springi mbili na kikombe cha vakyumu, na Weber za pembeni mara nyingi hata hiyo vakyumu huna pa kuitoa vizuri. Kwa maoni yangu nusu ya uzuri watu wanaousikia wakihamia injeksheni, ile gari kuamka chini kwenye mizunguko 2,500, inatoka kwenye taimingi wala siyo kwenye injekta. Maana yake ni kwamba kuna njia ya katikati na haizungumzwi: baki na kabureta zako, weka moto wa kompyuta. Kwa gari la zamani unalolipenda hiyo ni kazi nzuri mno, na ukifungua boneti bado kabureta zako zinang'aa pale.

Kuhusu kuharibika njiani. Watu husema kabureta unaitengeneza porini kwa bisibisi, na ni kweli, uchafu ukiziba jeti unaifungua, unapuliza, unaendelea. Injeksheni inataka pampu inayotoa presha ya bar 3 hivi, wakati Weber inaridhika na robo ya bar moja tu, kwa hivyo pampu ikifa kwenye injeksheni umekaa hapo hapo. Lakini ukiangalia magari ya injeksheni yanayokwama, mara nyingi kompyuta yenyewe na injekta ni nzima kabisa. Kilichokufa ni waya uliounganishwa kwa kusokotwa na kufungwa tepu, ama rilei ya bei rahisi, ama ethi imefungwa kwenye chuma chenye rangi. Umetumia hela nyingi kwa kompyuta halafu wayaringi umempa mtu wa kufunga redio. Waya zifungwe kwa vibanio sahihi, kila kiungo kizibwe maji, pampu ipate waya wake mnene na fyuzi yake. Na kwenye kona ndefu petroli ikikimbilia upande mmoja wa tangi pampu inavuta hewa, injekta zinakosa presha papo hapo, kwa hivyo weka kitangi kidogo cha akiba katikati. Kabureta ina bakuli lake la kuhimili hiyo kidogo. Ila nayo ina ugonjwa wake wa barabara mbovu, ukiifunga ngumu kwenye manifoldi mtikisiko unaifanya petroli itoe povu kwenye bakuli, na povu halipimiki na jeti yoyote, ndo maana DCOE inafungwa juu ya ringi za mpira na nati hazikazwi mpaka mwisho. Nimeshakuta watu wanabadilisha jeti wiki nzima kumbe ni hizo nati.

Sasa mfuko. Ukiniuliza hela yako ya kwanza iende wapi, nakwambia wala siyo kabureta wala injeksheni, nunua kipimo cha lambda cha kusoma upana wote, kile kinachosoma kwenye moshi uwiano wa hewa na petroli, chomea nati yake kwenye bomba la moshi, weka saa yake kwenye dashibodi. Wazee wetu walisikiliza kabureta kwa mpira sikioni, wakisawazisha makoo mawili mpaka mvumo unalingana, na walisoma plagi kwa rangi, na huo ujuzi ni wa kweli naomba vijana mkae nao mjifunze kabla hawajastaafu. Lakini plagi inakuonyesha yaliyopita, kipimo kinakuonyesha sasa hivi ukiwa gia ya tatu mlimani. Na kinafanya kazi kwa mfumo wowote utakaochagua. Watu wengi wakishakiweka wanagundua kabureta waliyotaka kuitupa haikuwa na ubaya wowote zaidi ya jeti.

Kwa hivyo wewe ukija gereji kwangu nitakuuliza hivi. Gari linakimbia wapi? Kama ni uwanja mmoja hapa karibu, mwaka mzima, injini haina turbo, kabureta ziko na fundi anazijua, baki nazo. Kama unaingia mashindano ya magari ya zamani, soma sheria kwanza, mengi yanadai mfumo wa enzi ya gari na hapo hakuna cha kuchagua. Kama unalitumia kila siku, linalala nje kwenye baridi ya asubuhi, linapeleka watoto shule na Jumapili unakimbia nalo, injeksheni, hata usifikirie mara mbili. Kama linapanda na kushuka, leo Naivasha, mwezi ujao Mombasa, injeksheni yenye sensa ya presha ya anga. Na injekta usinunue kubwa kwa kujivuna, injini ya farasi 160 yenye silinda nne inatosheka na za cc 260 mpaka 300 kwa dakika, ukiweka kubwa mno sailensa inakuwa ngumu kutulia, na taratibu gari linaanza kukusumbua kwenye foleni.

Na wewe uliyebaki na kabureta na unashuka pwani wiki ijayo, na nimewaona wawili watatu hapa. Beba jeti kubwa zilizopanda saizi mbili tatu kuliko za huku, uzibadilishe ukifika kabla hujakanyaga mpaka chini hata mara moja, rudisha taimingi nyuma digrii mbili hivi, kimbia kidogo, zima ukiwa bado umekanyaga na uangalie kipimo na plagi, ndo uanze kusogeza kwa upande wa nguvu polepole. Ukirudi juu, rudisha za kwanza. Andika kila kitu kwenye daftari, tarehe, mahali, joto, jeti, ili mwakani usianze upya. Nimeleta Weber moja iliyofunguliwa na manifoldi ya 4A-GE, ziko hapa mezani, njooni mshike. Maswali sasa, tuanze na mzee pale nyuma aliyeinua mkono tangu niliposema habari ya nati.